Mfarishi wa Kanga za Bibi: Shajara ya Mradi, Aprili hadi Julai

Jumapili, 6 Aprili

Leo nimeanza mfarishi wa sita, yaani kifuniko cha kitanda cha tabaka tatu kilichoungwa kwa viraka, tangu nilipoanza kuwashonea ndugu na marafiki, na ni wa kwanza ambao ninauogopa. Mitano iliyotangulia niliishona kwa makombo ya vitenge niliyopewa na mafundi wa cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga, wanaojua sasa kwamba nikipita na kikapu jioni sikuja kushonesha gauni. Minne ilikwenda kwa watoto wachanga, mmoja kwa jirani aliyeolewa, na kitambaa kikiharibika nilikitupa bila kusikia uchungu wowote.

Huu ni wa mdogo wangu, mwalimu, aliyehamishiwa Lushoto mwezi Januari. Mji huo uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni hadi Agosti baridi yake haina mzaha, hasa kwa mtu aliyelelewa Makorora, ambako usiku mwingi wa mwaka hata shuka moja huishia miguuni. Nimejiwekea muda: mfarishi uwe umepanda milimani kabla ya katikati ya Julai.

Kitambaa chenyewe ni kanga saba za marehemu Bibi. Mama alizitoa sandukuni baada ya Idi, akaziweka kitandani kwangu zikiwa bado zinanukia udi, akasema, “Zikate, mwanangu, lakini angalia majina.” Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilimwelewa. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Mji ukikatwa hubaki ua, na pindo likikatwa hubaki pindo, lakini jina likikatwa vibaya husema jambo lingine, au halisemi kitu. Kanuni ya kwanza ya mradi huu, basi, ni kwamba kila jina lisomeke.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua za masika zimetupa nafasi ya siku mbili za jua, nikazitumia kufua. Hata kanga ya miaka mingi huoshwa kabla ya kukatwa, kwa sababu mbili. Kwanza, kitambaa cha pamba ambacho hakikupata maji ya kutosha hurudi, na kikirudi baada ya kushonwa hukunja mshono mzima. Pili, kuna rangi zinazochuja.

Sita kati ya hizo saba zilikwisha kuchuja zamani. Ya saba, nyekundu, ambayo nadhani Bibi hakuivaa hata mara tatu, ilitoa maji kama juisi ya rozela. Wapo wanaotia chumvi, wapo wanaotia siki, nami nilipata kujaribu vyote viwili katika mifarishi ya watoto bila kuona faida kubwa. Ninachokiamini ni maji baridi, sabuni kidogo, na subira: unaosha, unaiminya ikiwa bado mbichi ndani ya kitambaa cheupe, na ikiacha alama unarudia. Alama ilikoma katika mfuo wa tano. Ningeiacha kanga hiyo kabisa, isipokuwa nina kazi nayo.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku nzima ya hesabu. Kitanda cha mdogo wangu ni cha futi 4 kwa 6, yaani inchi 48 kwa 72. Nataka mfarishi uning'inie inchi 6 kila upande, hivyo vipimo vyake ni inchi 60 kwa 84, ambavyo vinagawanyika vizuri katika miraba 35 ya inchi 12, mitano kwa upana na saba kwa urefu.

Mtindo niliouchagua ni ule wa kuzungusha: katikati ya kila mraba kuna kiraka cha inchi 4, nacho kinazungukwa na tepe nyembamba zenye upana wa inchi 2, mizunguko miwili, kila utepe ukiegemea uliotangulia kama matofali yanavyoegemeana penye pembe ya ukuta. Wamarekani, ambao wana mapokeo marefu ya kushona namna hii, hupenda kiraka cha kati kiwe chekundu, na hapo ndipo ile kanga iliyonitesa kwa kuchuja inapopata kazi yake. Tepe zinanifaa kwa sababu nyingine pia: pindo la kanga limekwisha kupangwa kwa mistari, na jina limeandikwa katika mstari mmoja mwembamba, kwa hiyo mtindo huu haulazimishi kitambaa kufanya kitu ambacho hakikuumbiwa.

Kwa kila kipande huongezwa robo inchi kila upande ya kumezwa na mshono. Kiraka cha inchi 4 hukatwa inchi 4 na nusu, na utepe wa inchi 2 hukatwa inchi 2 na nusu. Nasisitiza jambo hili kwa ajili yangu mwenyewe, maana ndilo ninalolisahau. Mraba mmoja unataka kiraka kimoja na tepe nane, zenye jumla ya urefu wa inchi 68. Kwa miraba 35 ni vipande 315, na tepe za kufikia inchi 2,380. Kanga nzima, iliyo na urefu wa kama mita moja na nusu, hutoa tepe 17 za inchi 59, kwa hiyo kwa karatasi kanga tatu zingetosha kwa tepe zote. Lakini kanga za Bibi hazikuishi kwenye karatasi. Zimefungiwa watoto mgongoni, zimefunikia vyungu vya futari, zimekaliwa barazani, na katikati zimelegea kiasi kwamba ukiinua moja dirishani unamwona mpita njia. Niliinua kila moja kwenye mwanga, nikazungushia chaki sehemu zilizo nzima, na nikaona nitazihitaji zote.

Mama alipita akaangalia mchoro, akasema huo si ushoni mgeni: ni ukili tu uliotoka njia. Yeye alisuka mikeka ujana wake wote, na mkeka nao ni ukanda mwembamba wa ukili unaoshonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane upana wa kulalia. Nilimkumbusha kwamba kanga yenyewe inasimuliwa hivyo hivyo. Kabla hazijapigwa chapa zikiwa nzima katika karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua leso za mraba zilizokuja zikiwa hazijatenganishwa, wakazikata tatu tatu, wakazishona pamoja zikawa sita za kujifunga. Neno “leso” lenyewe ni la Kireno. Kwa hiyo ninapoikata kanga na kuishona upya ninairudisha ilikotoka, na hiyo ndiyo hoja niliyoiandaa kwa shangazi zangu watakaponishutumu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, nyumba kimya, nimekata tangu asubuhi. Nimetumia mkasi wa fundi, rula ya bati na chaki. Pasi ni ya mkaa kwa sababu umeme ulikatika saa nne.

Majina niliyakata mwanzo, kabla mkono haujachoka. “Wema hauozi” halikunipa taabu, kwani ni fupi na linakaa katika utepe mmoja. “Japo sipati tamaa sikati” limegawanyika mara mbili penye pumziko lake la asili, na tepe zake mbili zitakuwa katika mraba mmoja, moja juu na moja chini. La mwisho ni “Usisafirie nyota ya mwenzio”, kanga ya kahawia aliyoipenda Bibi kuliko zote. Neno la kwanza nimelikatia utepe wa inchi 8 na nusu, na maneno matatu yaliyobaki utepe wa inchi 12 na nusu. Kanga hii ina mwenzake, kwa sababu kanga huuzwa doti, vipande viwili pacha. Kipande cha pili anacho Mama, na hakikatwi. Nililiuliza hilo mara moja, nikajibiwa kwa jicho.

Tepe za kawaida nimekata 194. Kidole gumba kina lengelenge.

Jumapili, 4 Mei

Nimepoteza wiki kwa sababu ya kitambaa cha chini. Duka moja mjini liliniuzia mita tano za kitambaa cheupe kwa maelezo kwamba ni pamba tupu. Nilipokipiga pasi ya moto kiling'ang'ania bati, kikajikunja pembeni. Ningekijaribu kabla ya kulipa, kwani kipimo chake ni rahisi na nimekifahamu siku nyingi: chomoa nyuzi mbili tatu, ziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini linalopeperuka. Nyuzi za kiwandani zenye asili ya plastiki huyeyuka, hujikusanya kuwa tone jeusi, na likipoa huwa gumu kama punje ya mtama. Nilipata punje za mtama. Muuzaji alikataa kurudisha fedha, akakubali kubadilisha kwa mapazia, nami sina dirisha la mita tano.

Nimenunua marekani kwa mtu mwingine, na safari hii nilikwenda na kiberiti. Napenda jina hilo la kitambaa, kwa sababu limebeba historia yake: wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao kutoka bandari ya Salem, walileta pamba nyeupe ya namna hii Unguja katika karne ya 19, ikasambaa bara yote kwa jina la nchi yao. Leo nchi ilikofumwa ni nyingine, jina limebaki.

Jumapili, 18 Mei

Miraba 21 imekamilika. Ninashona kwa cherehani ya kukanyaga ya Mama, usiku, baada ya kazi, na kasi yangu ni mraba mmoja kwa saa moja hivi ikiwa uzi haukatiki. Uzi ni wa pamba, kwa kuwa naona si busara kukishona kitambaa kilichochoka kwa uzi wenye nguvu kukishinda chenyewe. Siku kitakapovutwa, kitambaa ndicho kitakachochanika, wala si mshono. Kila mshono unapigwa pasi upande mmoja, kuelekea nje. Ukiuruka huo upuuzi wa pasi, mraba wa inchi 12 unakuja kuwa wa 11 na robo tatu, na miraba saba ikipangwa unapungukiwa karibu inchi 2 bila kujua zimekwenda wapi.

Baadhi ya miraba imepinda. Kanga iliyochakaa huvutika mkononi kama unga wa chapati, na utepe uliokatwa sawa hauwi sawa ukifika kwenye sindano. Mwaka jana ningefumua. Siku hizi sifumui, tangu nilipoona picha za mifarishi ya akina mama wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, walioshona kwa nguo za kazi zilizochoka, suruali za shambani na mashati, kwa mistari inayoyumba na rangi zisizolingana. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa ukutani katika jumba la makumbusho la Houston na baadaye la Whitney, New York, na hakuna aliyewaambia warudi kunyoosha. Sidai kwamba kupinda kwangu ni sanaa kama yao. Nasema tu kwamba mdogo wangu atalala chini yake gizani.

Jumapili, 1 Juni

Juu kumekamilika: miraba 35, imeunganishwa safu kwa safu. Kabla ya kuunganisha niliipanga sakafuni siku mbili, tukala chakula jikoni tumesimama, ili nihakikishe kwamba rangi za giza hazikukusanyika upande mmoja. Mama alihamisha miraba mitatu bila kuniomba ruhusa. Alikuwa sahihi kwa miwili.

Jumamosi, 14 Juni

Wiki ya Idi Kubwa haikufanyika kazi. Leo tumepiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kushikiza tabaka zote pamoja.

Tabaka la kati lilinisumbua kuamua. Hapa kwetu sufi ndiyo inayojaza mito na magodoro, na msufi haukosekani, lakini kwa mfarishi wa kufuliwa sufi ina kasoro: nyuzi zake zinateleza, hazishikani, na baada ya kufuliwa hukimbilia pembeni zikajikusanya mabonge. Wengine huishona kwa mistari ya karibu sana ili isihame, na mimi sina miaka hiyo. Mifarishi ya watoto wa Tanga niliijaza shuka kuukuu tu, kwani joto letu halitaki zaidi. Huu wa Lushoto nimeuwekea blanketi jembamba la pamba, nikalifua mara mbili kwanza ili lirudi lote linalotaka kurudi.

Tulitandika marekani juu ya mkeka, upande mbaya juu, likiwa kubwa kuliko mfarishi kwa inchi 3 kila upande, tukalivuta na kulibana pembe kwa matofali yaliyofungwa magazeti. Likafuata blanketi, kisha kanga. Bandi hupigwa kuanzia katikati kwenda nje, kama jua linavyochorwa na watoto, ili mkunjo wowote usukumwe kuelekea ukingoni badala ya kunaswa ndani. Mama alipima umbali wa mstari na mstari kwa shubiri, akashona upande wake kwa kasi iliyonifedhehesha, akiwa amekaa chini miguu ameinyoosha, jinsi alivyokuwa akishona mikeka. Magoti yangu hayajasamehe.

Jumapili, 22 Juni

Ushonaji wa mkono, siku ya nane. Hapa ndipo mfarishi unapokuwa mfarishi, kwa sababu tabaka tatu zisiposhikizwa ni nguo tatu zilizolala pamoja. Nafuata ukingo wa kila utepe kwa mishono midogo ya mbele, sita kwa inchi nikiwa na nguvu, nne nikiwa nimechoka, na mkono wa chini unapapasa ncha ya sindano kila inapotokeza. Aliyenifundisha kushona hivi ni mzee jirani yetu anayeshona kofia za viua, ambaye aliutazama mfarishi wangu wa kwanza akasema kwa upole kwamba mishono ile inafaa kufungia gunia la mkonge. Kwa Tanga, hilo ni tusi linaloeleweka.

Na leo nimeliona kosa. Nilifika mraba wa safu ya pili, wenye kanga ya kahawia, nikaupitisha mkono juu ya jina ili niunyooshe, nikasoma: “Usisafiri”. Nikasoma tena. Herufi ya mwisho, ile “e”, imemezwa na mshono. Neno nililikatia inchi 8 na nusu, lakini sikuliweka katikati ya utepe, na robo inchi niliyojiandikia Aprili kwa msisitizo ndiyo iliyoimeza. Maneno “nyota ya mwenzio” yapo mahali pake, mwisho wa mraba huo huo, mazima kabisa, lakini sasa yanasimama peke yake. Aliyehamia mbali na kwao ninampelekea nguo inayomwambia asisafiri.

Kufumua kunamaanisha kuondoa mishono ya mkono, bandi, na tepe mbili za nje, katika kitambaa ambacho hakivumilii kutobolewa mara ya pili. Nilijaribu kwa ncha ya mkasi, nyuzi za kanga zikaanza kutengana, nikaacha. Kipande cha kubadilisha kipo kimoja tu duniani, nacho kiko sandukuni kwa Mama.

Nilimwonyesha. Alisoma kwa sauti, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga yake. Hakutaja sanduku, nami sikulitaja.

Jumapili, 29 Juni

Ushonaji wa mkono umekwisha jana usiku. Leo ni ukingo. Mzunguko wa mfarishi ni inchi 288, na ukiongeza za pembe na maungio unahitaji kama 300, yaani tepe sita za urefu wa kanga. Nimezikata zote kwenye mapindo, ili mfarishi nao uwe na pindo. Kwa ukingo ulionyooka si lazima kukata mshazari; mshazari ni wa ukingo wenye mviringo, na hula kitambaa. Upande wa juu nimeupiga cherehani, upande wa chini nimeukunja na kuumalizia kwa mkono.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeufua mara moja, kwa maji baridi, na kuuanika kivulini. Nyekundu haikuchuja. Baada ya kukauka umejikunjakunja kidogo kila penye mshono, kama inavyotakiwa. Umetoka na inchi 59 kwa 82 na nusu.

Nilitaka kuutia katika mfuko wa plastiki. Mama aliuchukua, akaukunja mara nne, akaenda chumbani, akarudi na kile kipande cha pili cha kanga ya kahawia, akaufunga furushi ndani yake, fundo likiwa juu na jina likiwa nje, zima, kila herufi mahali pake. Nilimpelekea dereva wa basi la asubuhi, linalopitia Muheza, Segera na Korogwe kabla ya kuanza kupanda Mombo. Hakuna aliyesema kama kanga imetolewa au imeazimwa.

Jumatano, 9 Julai

Mdogo wangu amepiga simu. Amelala chini ya mfarishi siku tatu na kwa mara ya kwanza hakuvaa soksi. Jina alilisoma usiku wa kwanza. “Dada,” akasema, “mngeniambia hilo mwezi wa kwanza.” Kisha akaomba aongee na Mama, akauliza, baada ya shikamoo, kama kanga ya kufungia airudishe kwa basi lile lile.

Mama aliushika uzito wa simu kwa mikono miwili. “Basi linapoteza vitu,” akajibu. “Ilete mwenyewe shule zikifungwa.”

Yamebaki makombo ya kutosha foronya moja, na kiraka chekundu kimoja.